Mwezi Umefungwa

Katika nyumba ile mwezi haukuisha tarehe thelathini kama kwa watu wengine. Uliisha tarehe ishirini na tano, mara tu vyombo vya chakula vilipoondolewa mezani. Mama wa nyumba aliketi upande wa dirisha na daftari lake, mumewe akaketi mkabala naye, na binti yao wa miaka minane akapanda kiti cha tatu akiwa ameshika kijiko. Mama alisoma mafungu ya matumizi moja baada ya jingine, yakapitishwa au yakakatwa, kisha akasema, "Mwezi umefungwa," na mtoto akagonga meza kwa kijiko chake. Baada ya hapo, kisichoandikwa hakipo. Ukitaka hata kiberiti, ngoja tarehe mosi.

Cheka ukitaka, maana wenyewe walicheka sana. Mume alikuwa akiinua mkono kama mbunge na kuomba fungu la chumvi liongezwe, mtoto akigonga meza kumnyamazisha, na jirani aliyesikia kijiko kikilia alijua kwamba kwa wale watu hapakopeki tena mpaka mwezi mpya. Hakuna aliyeona ubaya ndani yake. Wako wanaolewa mshahara ukiingia, na wako wanaogonga meza kwa kijiko. Ukipewa uchague, utachagua wa kijiko.

Mama huyo kazini walimwita Senti. Alikuwa karani wa hesabu katika ghala la matairi, na jina hilo alilipata mwaka ule alipobaki ofisini kutafuta senti iliyopotea kati ya vitabu vya ghala na taarifa ya benki, meneja mwenyewe akiwa ameshamwambia aachane nayo. Aliipata kwenye ankara ya mipira ya baiskeli. Wenzake walimcheka, wakampa jina, na jina likamganda.

Senti alitaka leseni ya uhasibu. Karani hutayarisha hesabu za mwaka, lakini anayetia sahihi ni mwenye leseni, na mwenye leseni huishi nyumba yenye maji ndani, tena mtoto wake halali sebuleni. Basi Senti alijifunga kibwebwe. Watu hudhani leseni hupatikana kwa kusoma. Kusoma ndiyo sehemu rahisi. Kwanza unalipa ili Bodi ijue kwamba unataka kusoma. Halafu unalipa kila mwaka ili isikusahau. Kila karatasi ya mtihani ina ada yake, na ada ya karatasi moja ilimeza mshahara wa Senti wa mwezi mzima na ushee. Vitabu vya kodi hubadilishwa kila sheria inapobadilishwa, na wenye kutunga sheria hawana kazi nyingine. Kuna masomo ya jioni, kuna kikokotoo cha aina moja tu kinachoruhusiwa, kuna nauli na kitanda cha kulala, maana mitihani hufanyika mji mwingine. Ukichelewa kulipa, faini. Ukishafaulu yote, ukafikiri umefika, unaambiwa leseni yenyewe nayo ina bei.

Kubwa kuliko yote, karatasi ulizofaulu hazikai milele. Bodi ilitoa miaka sita. Ukishindwa kumaliza ndani ya hiyo, ya kwanza inafutwa, kisha inayofuata, moja moja, mpaka unarudi ulikoanzia. Senti alikuwa amebakiza karatasi moja, na muhula uliokuwa unakuja ndio uliokuwa wa mwisho kabla zile za mwanzo hazijaanza kuchacha. Asipolipa ada safari ile, au asipofaulu, miaka yote ya kula mboga bila mafuta ingekuwa imekwenda na maji.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, mtengenezaji wa mageti na madirisha ya chuma. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Alifanya kazi na mdogo wake kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, na kila alichokipata alikileta mezani chote, hakubakiza hata cha soda. Alimwita mkewe Mhasibu.

"Bado," Senti alikuwa akimwambia. "Subiri nipate leseni."

"Mimi nakuita kwa mkopo," Fundi alikuwa akijibu. "Utanilipa."

Na binti yao, Fundi alimwita Bosi, kwa sababu ya kile kijiko.

Sasa, mwezi ninaousema, mambo yalikuwa yamebana. Ghala lilikuwa limechelewesha mishahara, Senti akapitisha siku ya mwisho ya kulipia mtihani, na Bodi ikampiga faini. Faini ile ilimaliza fungu la dharura lote. Tarehe ishirini na tano ilipofika walikaa mezani, na hesabu haikutaka kukaa sawa. Maji yalikuwa yamezidi unga. Senti alipunguza mafuta ya taa, akapunguza sabuni, akafuta nauli yake ya siku mbili kwa wiki, akabaki na pengo lile lile limemkodolea macho.

Palikuwa na mstari mmoja ambao ulishasogezwa mbele mara tatu: viatu vya kazi vya Fundi. Fundi aliinua mguu akaonyesha soli. Ilikuwa imelika katikati mpaka soksi ilionekana.

"Hiki sasa kina hewa ya kutosha," alisema. "Kata viatu, Mhasibu. Mtihani kwanza."

"Una hakika?"

"Kata. Ukishapata leseni utaninunulia vya ngozi, niende navyo kanisani, msikitini, popote penye watu wa kunitazama."

Senti akakata. Fundi ndiye aliyesema, na hilo ni kweli, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa Senti. Fungu la dharura likaandikwa sifuri, viatu vikasogezwa mara ya nne, ada ikatosha. "Mwezi umefungwa," akasema, na Bosi akagonga meza. Senti alilala usingizi mzuri siku ile. Baadaye alikuja kuukumbuka usingizi huo akauonea haya.

Kesho yake, katika kuburura chuma chakavu, Fundi alikanyaga msumari. Uliingia pale pale penye hewa. Mdogo wake ndiye aliyeuvuta, na akamwambia aende zahanati ya barabara ya pili akachomwe sindano ya pepopunda, kwani msumari ulikuwa na kutu na matope ya banda la kuku walikokitoa chuma hicho. Sindano yenyewe bei yake haikufika mikate miwili. Fundi akasema, "Nitakwenda. Mwezi umefungwa, ngoja ufunguliwe." Akaosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kitambaa, akaendelea kuchomelea.

Lakini si kwamba hakuwa na pesa. Hapo ndipo panapouma. Keshokutwa yake mteja mmoja alimpa malipo ya awali ya geti, noti mpya, bunda zima. Fundi alizitia mfukoni, akapita mbele ya mlango wa zahanati akichechemea, akazipeleka nyumbani zote akaziweka kwenye kopo la mwezi ujao. Senti alikuwa amewafundisha hivyo: kinachoingia baada ya kufunga ni cha mwezi unaofuata, hakiguswi. Vitabuni ni kanuni nzuri. Inazuia wezi, inazuia wajanja, inakuonyesha kila mwezi ulivyosimama kwa miguu yake mwenyewe. Haikuandikwa kwa ajili ya mguu wa mtu.

Senti alimwona akichechemea. Alikuwa mezani na vitabu vyake, karatasi ya mtihani ikimzunguka kichwani, akainua macho akauliza, "Una nini mguuni?"

"Kiatu kinanibana."

"Vumilia kidogo. Viatu vipo mwezi wa pili kutoka sasa." Akarudi kwenye kitabu.

Hayo ndiyo aliyomwambia, hayo hayo, na hakuna siku atakayoyasahau.

Tarehe mosi mwezi ulifunguliwa. Kidonda nacho kilikuwa kimefunga. Juu palikuwa pakavu, maumivu yameisha, na Fundi alipomwona mkewe akihesabu nauli ya kwenda kwenye mtihani, akaona hakuna haja ya kupoteza pesa kwa jambo lililokwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu huikumbuka ukuta ukishaanguka.

Siku Senti anaondoka, asubuhi, Fundi hakumaliza mkate wake. Alisema taya limelala vibaya. Alitabasamu akimuaga, tabasamu la upande, gumu, na Senti alifikiri anamtania.

"Nenda, Mhasibu. Ukawaonyeshe."

"Kwa mkopo bado," Senti akasema.

Yeye na Bosi walisimama mlangoni mpaka Senti alipokata kona.

Mtihani ulikuwa mwema. Swali la kwanza lilikuwa la kampuni iliyoandika mapato ya mwezi ujao ndani ya mwezi huu, na watahiniwa walitakiwa waeleze kosa na walirekebishe. Senti alilijibu bila kusita. Alimaliza mapema, akapitia kazi yake, akatoka nje kwenye jua akiwa mwepesi, akawasha simu. Ujumbe uliingia mfululizo. Wote ulikuwa wa shemeji yake. Wa mwisho ulisema: Shemeji, njoo hospitali, usipite nyumbani.

Alimkuta mumewe katika chumba chenye mapazia yaliyofungwa, kwa kuwa mwanga ulimshtua na sauti ilimshtua, na kila akishtuka mwili wote ulikakamaa mgongo ukainuka kitandani. Muuguzi alimwambia ni pepopunda, ya msumari, tena avue viatu asije akapiga kelele sakafuni. Senti akaingia peku. Fundi alimwona. Meno yalikuwa yamekazana, maneno yakapita katikati yake kwa shida.

"Umefaulu?"

"Sijui bado. Ilikuwaje? Msumari wa lini huo? Mbona hukuniambia?"

Fundi alimjibu taratibu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akimweleza tu, kama fundi anavyoeleza kwa nini kazi imechelewa.

"Mwezi ulikuwa umefungwa."

Senti alitaka kupiga kelele na hakuweza, kwa sababu kelele ingemuua. Alisimama pale peku na mkono mdomoni.

Siku zilizofuata alifungua kila kitu. Kopo la mwezi ujao, bahasha ya ada ya shule, bahasha ya leseni aliyokuwa ameijaza kidogo kidogo kwa miaka miwili, haba na haba. Dawa ya kuipoza sumu ilikuwa ghali, chumba kilikuwa ghali, mashine ya kupumulia ilikuwa ghali kuliko vyote. Senti alilipa bila kuandika popote. Dirishani pa malipo mhasibu wa hospitali alimpa risiti moja baada ya nyingine, naye akazitia mkobani bila kuzitazama, yeye ambaye hakuwahi kutupa risiti ya nyanya. Yule aliyeshindwa kupata bei ya mikate miwili akatibiwa kwa bei ya nyumba, na haikusaidia. Fundi alifariki siku ya Ijumaa mchana, mkewe akiwa amemshika mguu, ule ule, penye kovu dogo lisilozidi punje ya mtama.

Mafundi wa barabara nzima walikuja kuzika. Walichomelea alama ya kaburi kwa chuma bora kuliko kile walichowauzia wateja, wakachangishana, na rambirambi zikakabidhiwa kwa Senti ndani ya mfuko wa misumari, maana ndio uliokuwa karibu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Senti aliutazama mfuko huo akautua chini ya kitanda, na hakuufungua.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Alikuwa amefaulu. Barua ya Bodi ilimpongeza na kumtaka alipe ada ya leseni ndani ya siku tisini, la sivyo kibali kingefutwa. Senti aliisoma mara moja akaiweka kabatini. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kukaa nao tangu msiba, aliitoa kabatini akaiweka mezani.

"Ya nini hii?"

"Ni ya leseni, mama. Sitaichukua."

"Kwa nini?"

"Siwezi kuichukua."

Bibi yule alikaa kwenye kiti cha mwanawe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mazishi hakuwa amemlaumu mkwewe hata kwa jicho, jambo ambalo Senti aliliona zito kuliko lawama.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini nilimzaa. Mwanangu ameshalipa sehemu yake. Sasa unataka iwe bure?"

"Mama, mimi ndiye—"

"Najua. Shemeji yako aliniambia yote. Nimekasirika nawe, na nitakuwa nimekasirika mpaka nife, usidhani nimesamehe kwa sababu nakusongea ugali. Lakini lipa."

Senti akauvuta ule mfuko wa misumari chini ya kitanda. Rambirambi zilitosha ada ya leseni, zikabaki chache za kununulia fremu. Leseni ikaja, karatasi ngumu yenye muhuri, jina lake likiwa limeandikwa kwa wino mweusi. Ghala likampandisha cheo na mshahara ukaongezeka karibu mara mbili. Wenzake waliacha kumwita Senti, wakaanza kumwita Mhasibu, na kila walipolitaja jina hilo alihisi kama wanamdai.

Utadhani aliacha kufunga mwezi. Hakuacha. Hakujua namna nyingine ya kuishi, na mtu aliyezama hukamata hata kilichomzamisha. Tarehe ishirini na tano walikaa mezani yeye na mtoto, kiti cha Fundi kikiwa wazi kwa sababu bibi alikuwa amerudi kwake, mafungu yakasomwa, hakuna aliyetania. "Mwezi umefungwa," akasema. Bosi akagonga meza kwa kijiko, taratibu, mara moja.

Siku tatu baadaye Senti alirudi kazini akamkuta mtoto amelala kwa ubavu juu ya kochi, amevaa sare, kipande cha pamba kimetumbukizwa sikioni. Pamba ilikuwa ya njano. Alipomgusa shavu lilichoma kama sufuria.

"Sikio linauma tangu lini?"

"Tangu siku ya kijiko."

"Mbona hukusema?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Mwezi umefungwa," akasema. Hakulia wala hakudeka. "Nasubiri ufungue."

Senti hakuvua viatu. Alimbeba mgongoni, mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu, akashuka naye ngazi mpaka zahanati ya barabara ya pili, ile ile ambayo Fundi aliipita akichechemea na bunda la noti mfukoni. Palikuwa karibu. Hakuwahi kuona palivyo karibu. Kijana wa mapokezi aliandika jina la mtoto, umri wake, kisha akauliza, "Mzazi anafanya kazi gani?"

Bosi ndiye aliyejibu, kichwa kikiwa begani mwa mama yake.

"Mhasibu. Ana leseni."

Wakaambiwa wakae kwenye benchi wasubiri kuitwa. Ukutani palikuwa na bei za huduma, zimeandikwa kwa mkono. Senti alizisoma kutoka juu kwenda chini mpaka alipoifikia sindano ya pepopunda, na hapo akaacha kusoma.

"Mama," mtoto akasema, "hii tutaiandika wapi?"

"Hatuandiki."

"Hata kama mwezi umefungwa?"

"Hata kama umefungwa. Ukiumwa unaniambia saa ile ile. Nikiwa kazini, nikiwa nimelala, nikiwa na mtihani. Umesikia?"

Bosi alifikiri. Alikuwa mtoto wa watu wawili waliopenda mambo yakae sawa, na jambo hili alilipindua kichwani mpaka likakaa.

"Mimi nilimshikia baba beseni la maji ya chumvi," akasema. "Aliniambia nisikwambie, unasoma. Akasema tusubiri mwezi ufunguke. Nikasubiri." Akaigusa pamba sikioni. "Kwani na baba tungemleta tu hivi?"

Senti alikuwa na majibu mengi ya kumwambia mtoto. Baba alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe. Mungu ana mipango yake. Watu walikuwa wamempa yote hayo msibani, amezoea kuyasikia. Alimshusha mtoto mapajani, akamshika uso kwa mikono miwili, mbali na sikio linalouma.

"Wewe huna kosa," akasema. "Sheria ilikuwa yangu."

"Lakini tungemleta?"

Muuguzi alifungua mlango akaita anayefuata.

"Ndiyo, Bosi," Senti akasema. "Tungemleta tu hivi."